Kopo Lilelile, Uzito Mwingine

Mazungumzo yaliyorekodiwa Rubona, kando ya Ziwa Kivu

[Sauti: wavuvi wakiimba, makasia yakigonga maji. Sauti inapungua.]

Nawasalimu kutoka Rubona, kilomita chache kusini ya mji wa Gisenyi. Nawasalimu mlio Nkamira hapa jirani, mlio Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa na Mahama. Na nyinyi mnaotusikia ng'ambo ya mipaka, Nyarugusu kule Tanzania, Nakivale na Kyangwali kule Uganda, karibuni.

Sasa hivi ni asubuhi na mitumbwi inarudi. Ni ile mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na taa za usiku bado zinaning'inia. Wimbo mliosikia ni wa wavuvi wa sambaza. Ufukweni akina mama wanasubiri na mabeseni yao.

Mimi nimekuja na kopo. Zamani lilikuwa la maziwa ya unga, lile kubwa. Ubavuni mtu ameandika kwa rangi nyekundu: KILO 2. Maneno hayo yaliniondolea heshima yangu mbele ya watu, kisha mzee mmoja aliyewahi kuuza samaki hapa Rubona akanirudishia. Nataka niwaeleze alivyofanya, kwa sababu alichonifundisha kinaweza kufanywa na kila mtu mwenye kikombe, kijiti na chupa ya maji.

Miaka hiyo niliishi kambini kama nyinyi. Kundi letu lilikuwa na watu 100, na mimi nilichaguliwa kuwa mpimaji. Kila mtu alikuwa na haki ya kilo 12 za unga wa mahindi kwa mwezi, yaani gramu 400 kwa siku. Mizani haikuwepo. Kulikuwa na kopo hili. Kopo moja kilo 2, makopo sita kilo 12. Tulipokea magunia 24 ya kilo 50, nikapima, kila mtu akapata, gunia la mwisho likaisha. Miezi ikaenda hivyo, hakuna aliyelalamika.

Mwezi mmoja unga haukuja. Yalikuja mahindi ya punje. Magunia yalikuwa yaleyale 24, ya kilo 50 zilezile. Nikachukua kopo langu, nikapima sita kwa kila mtu, nikikata juu kwa kijiti kama kawaida. Nilipofika mtu wa 80, nikaingiza mkono guniani nikagusa chini. Magunia yote 24 yalikuwa matupu, na mbele yangu zimesimama familia tano, watu 20, wameshika kadi zao na mifuko yao.

Ndugu zangu, mnajua kilichofuata. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza kwa upole tu: "Mama, chakula chetu kiko wapi?" Upole ule uliniumiza kuliko matusi ya wengine. Kufikia jioni kambi nzima ilikuwa na jibu lake: mpimaji ameuza magunia. Nyumba yangu ilipekuliwa. Hawakukuta kitu, lakini nani aliamini? Nilipokwenda bombani, watu walinyamaza.

Siku ya tatu mzee yule akaja mlangoni. Hakuniuliza kama nimeiba. Aliomba kopo, akaomba kikombe cha unga uliobaki kwangu na kikombe cha mahindi mapya. Kisha akaketi chini, akaanza kukata kijiti.

Tumsimamishe mzee hapo kidogo, tuulize: kopo linapima nini?

Kopo linapima nafasi. Linakuambia kitu kimechukua nafasi kiasi gani, basi. Mizani inapima uzito. Kopo moja haliwezi kuwa kilo 2 za kila kitu. Lijaze maji, ni uzito mmoja. Lijaze chumvi, uzito unapanda. Lijaze unga, uzito unashuka. Hata mahindi yaleyale ya shamba lilelile, yakisagwa, hubadilika: chembe za unga hupandana ovyo na kuacha hewa katikati, kwa hiyo unga huchukua nafasi kubwa kuliko punje zilizouzaa.

Aliyeandika KILO 2 kwenye kopo langu hakudanganya. Alilipima kwa unga, na kwa unga ni kilo 2 kweli. Alichosahau kuandika ni neno moja: unga.

Hapa Rubona akina mama wa samaki wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Beseni la sambaza wabichi ni mzigo wa kubeba kwa mikono miwili. Beseni lilelile la sambaza wakavu mtoto anaweza kulinyanyua. Samaki mbichi, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, na jua likiyatoa anabaki mwepesi. Beseni likijaa wabichi na likijaa wakavu linatazamika sawa, lakini hakuna mama hapa atakayekubali kubadilishana beseni kwa beseni. Mzee wetu alikulia katika biashara hiyo. Ndiyo maana, alipoambiwa kwamba magunia yamekwisha kabla ya watu, jambo la kwanza alilouliza ni kilichokuwa ndani ya magunia.

Sasa turudi kwenye kijiti chake. Chukueni kalamu, au mwiteni mtoto aandike.

Kwanza, tafuta jiwe la mizani. Mzee alisema: "Jiwe la mizani la maskini ni maji." Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja. Chupa ya plastiki iliyoandikwa nusu lita, au mililita 500, ukiijaza mpaka pale ilipojaa ilipokuwa mpya, maji yake ni gramu 500. Huhitaji kununua kitu. Tafuta chupa mbili za namna hiyo, zinazofanana kabisa, na vifuniko vyake. Moja ijaze maji. Nyingine iache tupu, iwe kavu.

Pili, tengeneza mizani. Tafuta kijiti kilichonyooka, urefu wa mkono kutoka bega hadi vidole. Funga kamba katikati kabisa, ukitundike kielee. Kwenye kila ncha kata kijimfereji kidogo, umbali uleule kutoka katikati. Tundika vitambaa viwili vya ukubwa mmoja, kila kimoja kimefungwa pembe nne kama kikapu. Vikiwa vitupu, kijiti kilale sawa. Kikiinama upande, ongeza kitu kidogo kwenye upande ulio mwepesi mpaka kitulie.

Tatu, pima. Upande mmoja weka chupa iliyojaa maji. Upande wa pili weka chupa tupu, kisha mimina chakula ndani ya kitambaa hichohicho mpaka kijiti kilale sawa. Chupa tupu inafuta uzito wa plastiki ya mwenzake, kwa hiyo kinachobaki ni maji dhidi ya chakula. Chakula hicho sasa ni gramu 500.

Nne, hakikisha. Badilisha pande: cha kulia kiende kushoto, cha kushoto kiende kulia. Kijiti kikibaki sawa, mizani yako ni ya kweli. Kikiinama, kamba haiko katikati, irekebishe uanze tena. Jaribio hili mlikumbuke, maana mizani yoyote ya mikono miwili, hata ya dukani, inaweza kujaribiwa hivyohivyo.

Tano, hesabu vikombe. Chukua zile gramu 500, uzipime kwa kikombe chako cha nyumbani, ukikata juu kwa kijiti kilichonyooka. Usisukume, usitingishe. Andika vimetoka vikombe vingapi. Gawanya 500 kwa idadi hiyo, umepata uzito wa kikombe kimoja.

Mimi kikombe changu ni cha robo lita: chupa ya nusu lita inakijaza mara mbili. Kwa kikombe hicho, kilichokatwa juu, hesabu zangu zinakaribia hivi:

Maji: gramu 250.
Mafuta ya kupikia: gramu 230.
Mchele: gramu 210.
Maharagwe makavu: gramu 200.
Mahindi ya punje: gramu 190, au pungufu kidogo.
Unga wa mahindi: gramu 150.
Chumvi laini: gramu 300.

Nimesema zinakaribia. Maharagwe madogo hujipanga vizuri kuliko makubwa. Unga uliochekechwa ni mwepesi kuliko uliokaa guniani umeshindiliwa. Chumvi ya mawe si sawa na chumvi laini. Kwa hiyo usichukue namba zangu ukamshtaki nazo mtu. Pima chakula chako, kwa kikombe chako, na chakula kipya kikija, pima upya.

Sasa turudi kwa mzee. Alipima mbele ya watu, uwanjani, siku ya nne. Gramu 500 za unga zilijaa kikombe mara tatu na theluthi. Gramu 500 za mahindi zilijaa kikombe kilekile mara mbili na theluthi mbili. Akawaita vijana wa shule wakafanya hesabu kwenye mchanga. Kopo langu, lenye kilo 2 za unga, lilikuwa linabeba kilo 2 na nusu za mahindi. Makopo sita hayakuwa kilo 12. Yalikuwa kilo 15.

Kilo 1,200 zilikuja. Ukigawa kilo 15 kwa kila mtu, zinatosha watu 80. Watu 80 kamili. Magunia yale hayakuwa yameuzwa wala kufichwa. Yalikuwa ndani ya nyumba za watu waliokuwa wakiniita mwizi, kilo 3 za ziada kwa kila kichwa, na wao wenyewe hawakujua.

Hayo yalikuwa ya mgao. Lakini leo wengi wenu hampokei magunia. Huku Rwanda kambi ya Gihembe ilianza kupokea pesa badala ya chakula mwaka 2014, na baadaye kambi nyingine zikafuata. Sasa kopo limehamia sokoni, na sokoni kila mwenye meza ana kopo lake. Kwa hiyo niwape mambo matatu ya kutazama.

La kwanza ni kilima. Muuzaji akikujazia mpaka juu kunachongoka, unafurahi, na pengine una haki ya kufurahi. Lakini tazama mdomo wa chombo. Kilima juu ya chombo kipana na kifupi ni kikubwa sana kikilinganishwa na chombo chenyewe. Kilima juu ya kopo refu jembamba ni kidogo. Wawili wakikuuzia "kopo na kilima chake," hawakuuzii kitu kimoja. Kama unataka kulinganisha, omba wote wawili wakate juu.

La pili ni tako la kopo. Kopo lililogongwa kwa ndani, au lililoingizwa kitako cha pili, nje linaonekana zima. Huwezi kumwagia maji kopo la mtu lenye unga. Lakini unaweza kuja na kikombe chako. Baada ya kununua, pima ulichonunua kwa kikombe kile unachokijua. Kama kopo la lita moja lingekupa vikombe vinne na wewe umepata vitatu na nusu, umejua. Huna haja ya kupiga kelele. Kesho utakwenda meza nyingine, na utamwambia jirani yako.

La tatu ni bei. Tuseme, na bei hizi ni za mfano tu, kopo la lita moja la maharagwe ni faranga 960, na duka la pembeni lenye mizani linauza kilo moja kwa faranga 1,100. Kwa macho, kopo ni nafuu. Lakini kopo hilo ni vikombe vinne vya gramu 200, yaani gramu 800. Gawanya 960 kwa 8, zidisha kwa 10, unapata faranga 1,200 kwa kilo. Kumbe kwenye mizani ndiko nafuu, faranga 100 kwa kila kilo. Kwa familia inayokula kilo 10 kwa mwezi hizo ni faranga 1,000, na mama yeyote anajua faranga 1,000 zinaweza kununua nini.

Kambini pia tunakopeshana. Ukikopa kikombe cha unga ukarudisha kikombe cha unga, hakuna shida. Lakini ukikopa maharagwe, vikombe vitatu, ukarudisha unga vikombe vitatu, umechukua gramu 600 na umerudisha gramu 450. Huenda mlikubaliana hivyo kwa bei zake, ni sawa. Kama hamkukubaliana, mwenzako ataona amepunjwa, wewe utaona umelipa, na urafiki utavunjika bila mwenye kosa.

Jambo la mwisho ni la watoto, nalo ndilo kubwa. Tuseme maelekezo ya unga wa lishe yanasema: sehemu moja ya unga, sehemu tano za maji, kwa uzito. Mama anasoma "moja kwa tano," anachukua kikombe kimoja cha unga na vikombe vitano vya maji. Hebu tupime. Kikombe cha unga ni gramu 150. Vikombe vitano vya maji ni gramu 1,250. Hiyo ni moja kwa zaidi ya nane. Uji umekuwa maji, tumbo la mtoto limejaa, na chakula hakikuingia. Gramu 150 za unga zilitaka gramu 750 za maji, yaani vikombe vitatu tu. Kwa hiyo soma vizuri mfuko wako, au mwulize muuguzi: hizi sehemu ni za kikombe au za uzito? Swali hilo moja linatosha. Na kwa dawa, tafadhali, kijiti chetu hakitumiki. Dawa hupimwa na mhudumu wa afya.

Msidhani tabu hii ni ya wakimbizi peke yao. Watu wa pwani tangu zamani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na methali ya haba na haba hujaza kibaba imetoka huko. Kenya wana gorogoro, kopo la mahindi ambalo watu hulihesabu kuwa kilo mbili. Tanzania wana debe la lita 20, na wana neno lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo na kushonewa kofia juu, ambalo mkulima hulipwa kama gunia moja. Serikali yao imelipiga marufuku na kuwahimiza wakulima wauze kwa kilo. Ni ugomvi uleule: mmoja anauza nafasi, mwingine ananunua uzito, na anayepoteza ni yule asiyejua tofauti.

Mtataka kujua watu wale 20 walikula nini.

Mzee alipomaliza hesabu uwanjani, hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha mama mmoja, ambaye siku ya kwanza alinitukana kuliko wote, alikwenda nyumbani akarudi na beseni. Familia yake ilikuwa ya watu sita. Kilo 3 kwa kila mtu, kilo 18. Akamwaga mahindi mbele ya wale wa mwisho, akaomba apimiwe. Wengine wakafuata. Kopo moja na kipande kidogo kwa kila mtu, ndivyo tulivyopima, safari hii tukijua. Wapo waliokuwa wamekwisha kuuza. Wapo waliofunga milango. Hatukufika kilo 240 zilizotakiwa, lakini tulikaribia, na yule mama mwenye mtoto mgongoni alipika jioni ile.

Mimi sikuombwa radhi na kila mtu. Lakini siku iliyofuata bombani watu walinisalimia, na mwezi uliofuata walinirudishia kopo. Kabla ya kupima nilichukua msumari nikachora chini ya yale maneno mekundu. Naliona hapa mkononi mwangu. Juu: KILO 2. Chini yake: UNGA. Chini yake tena: MAHINDI, KILO 2 NA NUSU. MAHARAGWE, KILO 2 NA ROBO TATU, KASORO KIDOGO.

Wiki hii nawapa kazi. Pimeni kikombe kimoja cha nyumbani kwenu kwa vyakula vitatu mnavyokula zaidi. Andikeni uzito ukutani, karibu na jiko, mahali ambapo watoto wanasoma. Wapimaji na viongozi wa makundi, siku ya mgao, kabla ya kufungua gunia la pili, pimeni kopo lenu upya mbele ya watu. Ni dakika kumi tu.

Wavuvi wamemaliza kushusha samaki. Mama mmoja hapa ananiuliza kama nanunua au napiga maneno tu. Naona ana mizani ya kutundika. Ngoja nikanunue.

Kwaherini, tuonane wiki ijayo, saa ileile.

[Sauti: wimbo wa wavuvi unapanda, kisha unaisha.]